Damu ya Saa Sita Usiku

Mwaka 1958 jarida moja la Uingereza la elimu ya minyoo lilitangaza mnyoo mpya aliyepewa jina la kisiwa cha Pate. Walioandika walikuwa watatu: J. J. C. Buckley wa London, na wenzake G. S. Nelson na R. B. Heisch, waliokuwa Nairobi katika idara ya serikali ya kikoloni iliyoshughulikia maradhi yaletwayo na wadudu. Mnyoo mwenyewe hakutoka kwa binadamu. Alitolewa katika mishipa ya limfu ya paka, mbwa na kanu wa Pate, akaitwa Wuchereria patei. Miaka miwili baadaye Buckley alimhamishia katika jenasi mpya, Brugia, pamoja na jamaa zake wa Asia ya Kusini-Mashariki, na hadi leo wataalamu humwita Brugia patei. Ilikuwa imetimia miaka 100 tangu Mwana Kupona, mzaliwa wa Pate, amtungie binti yake utenzi wa wosia naye mwenyewe akiwa mgonjwa. Kisiwa kilichozoea kutajwa kwa masultani wa Kinabahani na kwa washairi wake kikaingia katika vitabu vya tiba kwa njia ya paka.

Hao paka, lakini, hawakuwa ndio waliowaleta wataalamu. Walikuja kwa ajili ya watu.

Matende na mshipa ni maradhi ya zamani katika pwani yote, kuanzia visiwa vya Lamu hadi Unguja na kusini zaidi. Matende huonekana: mguu huvimba, ngozi ikawa ngumu na kukunjana, na mwenyewe hana namna ya kuuficha. Mshipa, yaani korodani kuvimba, hufichwa ndani ya kikoi. Mzee mwenye mshipa aliweza kuishi nao miaka ishirini bila ya mtu kuutaja mbele yake, ingawa mji mzima ulijua kwa nini hakai barazani na wenzake na kwa nini aliacha kwenda baharini. Watu walikuwa na maelezo yao: baridi, maji ya madafu, husuda, kazi nzito. Maelezo kwamba maradhi haya ni ya mnyoo anayebebwa na mbu yaliletwa na wageni, na hao wageni wenyewe hawakuwa wameyajua kwa muda mrefu.

Aliyeyapata ni daktari Mskochi, Patrick Manson, akiwa Amoy katika pwani ya China. Mwaka 1877 alimlaza mtumishi wake wa bustani, Hin-Lo, ambaye damu yake ilikuwa na vinyoo, yaani watoto wa mnyoo huyo, ndani ya kibanda kilichoachwa wazi hadi mbu walipoingia, kisha kikafungwa. Asubuhi mbu walioshiba walikusanywa, na Manson akawapasua mmoja mmoja kwa siku zilizofuata, akiona vinyoo vikibadilika umbo ndani ya miili yao. Alikuwa na hadubini, sindano na subira. Zaidi ya hapo hakuwa na mengi. Kilichomsaidia kuliko hadubini, nionavyo mimi, ni saa ya ukutani. Alipopanga damu ichukuliwe kwa zamu usiku na mchana, aligundua kwamba vinyoo huwa karibu havipo katika damu ya mchana. Jioni huanza kuonekana, saa sita za usiku huwa tele, na kunapopambazuka hutoweka tena, vikirudi kujificha katika mishipa ya mapafu. Mnyoo anafuata ratiba ya mbu anayeuma usiku.

Kwa upande mwingine Manson alikosea. Alidhani mbu hufa majini baada ya kutaga mayai, na mtu huambukizwa kwa kunywa maji hayo. Ilipofika mwaka 1900 ndipo George Carmichael Low alipoviona vinyoo vimepenya hadi ndani ya mrija wa mdomo wa mbu, tayari kumrudia mtu. Nalitaja kosa hilo kwa kuwa linahusu maji ya nyumbani, na katika visiwa vya Lamu maji ya nyumbani ni historia nzima peke yake. Nitayafikia.

Basi Pate. Kutoka mji wa Lamu, chombo kinapita mkondo wa Mkanda, kati ya Manda na bara, na mkondo huo haupitiki vizuri ila maji yakijaa. Kisha Mtangawanda, na kutoka hapo kwa miguu au kwa punda hadi Pate yenyewe, Siyu, Tundwa, Faza, Kizingitini. Mtafiti wa miaka ya 1950 aliyetaka kufanya kazi huko hakuweza kubeba maabara, na ugonjwa wenyewe ulimwamuru afanye kazi wakati watu wamelala. Aliyefika Faza mchana, akachukua damu mchana, angeandika kwamba kisiwa hakina ugonjwa, na mbele yake wamekaa watu wenye matende.

Mbinu ya siku hizo ilikuwa hivi. Kidole kinapanguswa kwa spiriti, kinachomwa, na damu inavutwa kwa mrija mwembamba wa kioo uliopimwa, kwa kawaida milimita za ujazo 20, ili hesabu ya mtu mmoja iweze kulinganishwa na ya mwingine. Damu inamwagwa juu ya kipande cha kioo na kutandazwa iwe nene kiasi, si nyembamba kama watandazavyo wanaotaka kutazama umbo la chembe za damu. Inaachwa ikauke. Hapo maadui ni sisimizi, nzi na mende, ambao wanaweza kulamba kazi ya usiku kucha kabla ya jua kutoka. Kikikauka, kioo kinatumbukizwa katika maji matupu. Kwa kuwa damu haikugandishwa kwa alkoholi, chembe nyekundu hupasuka na rangi yake kuondoka. Kioo kinabaki cheupe na ndani yake mna vinyoo, kila kimoja kirefu kama robo ya milimita hivi. Kisha rangi, kwa mfano ile iliyotengenezwa na Gustav Giemsa mwaka 1904, na baadaye hadubini. Ronald Ross, aliyethibitisha mwaka 1897 kwamba mbu hubeba vimelea vya malaria, ndiye aliyeeneza wazo la tone nene, mwaka 1903. Wazo lenyewe ni la mtu mwenye haraka: badala ya kutazama vioo ishirini vyembamba, tazama kimoja kinene kilichooshwa.

Damu ya usiku ilionyesha waziwazi kwamba Pate ilikuwa na minyoo ya matende kwa wingi. Heisch, Nelson na M. Furlong walichapisha habari za kisiwa hicho mwaka 1959, zikawa makala ya kwanza katika mfululizo wao juu ya ugonjwa huo Afrika Mashariki. Lakini swali lililokuwa likiwakera lilitoka Asia. Katika rasi ya Malaya ilikwisha kujulikana kwamba kuna minyoo ya jamii hii inayokaa kwa watu na kwa wanyama pia. Ikiwa na Pate ni hivyo, basi kuwatibu watu peke yao ni kazi bure, kwani paka wangeirudisha minyoo kwa njia ya mbu. Na yeyote aliyepata kukaa visiwa hivi anajua kuwa paka ni wengi, wa kila ukuta na kila gati.

Jibu lilikuwa mkiani. Kinyoo cha mtu, Wuchereria bancrofti, ukikitia rangi kinaonyesha safu ya viini inayokoma kabla ya ncha ya mkia. Ncha inabaki tupu. Vinyoo vya paka wa Pate vilikuwa na viini viwili pekee vimesimama mbalimbali hadi kwenye ncha yenyewe. Tofauti hiyo haikuhitaji mashine yoyote zaidi ya rangi iliyokaa sawasawa na jicho lisilochoka. Kwa viini viwili hivyo ikabainika kwamba watu wana mnyoo wao na paka wana wao, na kwamba matende ya Pate yangeweza kutibiwa bila ya kumgusa paka hata mmoja. Nelson baadaye alikuwa profesa mashuhuri Uingereza, na kuna mnyoo mwingine wa wanyama pori wa Afrika aliyepewa jina lake. Lakini sidhani kama aliwahi kufanya jambo jepesi lenye faida kubwa kuliko kutazama mikia hiyo.

Mbu nao walipasuliwa. Mbu hukamatwa ndani ya nyumba, huuawa, huwekwa katika tone la maji ya chumvi chini ya lenzi, na kwa sindano mbili kichwa, kifua na tumbo hutenganishwa, kila sehemu katika tone lake. Ukingoja kidogo, vinyoo vinajitokeza vyenyewe vikiogelea. Kinyoo kilichokutwa kichwani kimekomaa, tayari kuambukiza. Cha tumboni ndiyo kwanza kimeingia. Kwa njia hii walipatikana wabebaji wa kisiwa: mbu wa malaria wa aina mbili, na yule Culex wa kawaida anayevuma sikioni usiku. Katika kazi hizo za pwani kilitokea kisa kimoja ambacho nakipenda kuliko vyote. Kuna mbu wa mikokoni, Aedes pembaensis, ambaye mayai yake hayakuwa yakionekana popote watu walipoyatafuta, si majini wala matopeni. Mwaka 1957 H. Goiny, E. C. C. van Someren na Heisch wakaeleza walipoyaona: juu ya kaa. Mbu huyo hutaga kwenye magando ya kaa wa mikokoni, naye kaa akiingia shimoni mwake lenye maji huyapeleka mayai mahali pake bila kujua. Ili kuuona ukweli huo ilitosha kumkamata kaa na kumtazama.

Sasa maji ya nyumbani. Nyumba za mawe za mji wa Lamu, nyingi zikiwa za karne ya 18 na ya 19, zina choo kilichojengewa birika la chokaa la kuogea na kutawadhia. Maji hutekwa kisimani na kumiminwa humo, na humo hukaa. Maji yaliyotuama ndani ya nyumba, katika nchi ya joto, ni shamba la mbu. Wajenzi na wenye nyumba walilijibu hilo kwa visamaki vidogo vilivyoachiwa birikani ili vile viluwiluwi vya mbu. Na kwa kuwa birika hupungua maji, au hukombwa kwa ajili ya kusafishwa, katika sakafu yake lilizamishwa bakuli la kaure, mara nyingi la Kichina, likishikwa na chokaa. Maji yakiisha kwingine, samaki husalia humo bakulini mpaka birika lijazwe tena. Usam Ghaidan, msanifu majengo aliyechunguza na kuchora mji wa Lamu katika miaka ya 1970, alizieleza nyumba hizi kwa kirefu, na mgeni wa leo anaweza kuliona birika la namna hiyo katika nyumba ya makumbusho.

Watu hupenda kuisimulia habari ya samaki hao kama ushahidi kwamba wazee walijua yote. Mimi naisifu, lakini kwa mpaka. Wazee walijua kwamba viluwiluwi hugeuka mbu na kwamba samaki huvila, na walijenga kwa kufuata ujuzi huo, jambo ambalo serikali nyingi hazikulifanya hadi karne ya 20. Samaki wa birikani, hata hivyo, analinda maji safi. Humzuia mbu wa mchana mwenye madoa meupe, Aedes aegypti, anayependa mitungi na mapipa, na baadhi ya mbu wa malaria. Yule Culex anayebeba matende hataki maji safi. Hutaga katika maji machafu: shimo la choo, mtaro uliokwama, dimbwi la maji ya kuoshea. Hatua chache kutoka kwenye birika lenye samaki palikuwa na shimo la choo, na samaki yule hawezi kuishi humo. Nyumba ile ile iliyokuwa na ulinzi bora kabisa dhidi ya mbu mmoja ilimlea mwingine.

Dawa ya shimo la choo ilijaribiwa Unguja. Mwaka 1988, katika mji wa Makunduchi, Chris Curtis na Caroline Maxwell wa London pamoja na wenzao wa Zanzibar walimwaga punje nyeupe za povu la plastiki, zile za kufungia vyombo visivunjike, katika mashimo ya vyoo yenye maji. Punje huelea na kufanya utando mnene kiasi cha sentimita moja au mbili. Mbu hapati mahali pa kutaga, na viluwiluwi vilivyokwisha kuwamo haviwezi kutoa mrija wao juu kuvuta pumzi. Punje hazioziki, hazina sumu, na shimo likijaa huelea juu zaidi. Watu wakapewa pia dawa ya DEC, iliyojulikana tangu mwaka 1947, ambayo huua vinyoo vya damuni. Kabla ya hapo karibu nusu ya waliopimwa Makunduchi walikuwa na vinyoo katika damu. Baada ya miaka kadhaa waliobaki navyo walikuwa wachache mno. Moga, mji mwingine wa Zanzibar, walipewa dawa bila ya punje, na huko ugonjwa ulianza kurudi polepole. Sijui majaribio mengi ya afya ya umma yaliyogharimu kidogo hivyo na kusema wazi hivyo.

Kwamba maji safi nayo yana hatari yake, Lamu ilikumbushwa mwaka 2004. Mvua zilikuwa chache na joto kali. Mji huu hutegemea maji yaliyo chini ya vilima vya mchanga vya Shela, na yanapopungua watu huhifadhi: mapipa, madebe, matangi, mitungi ya plastiki inayobebwa na punda. Maji yaliyohifadhiwa hukaa siku nyingi zaidi kabla ya kumwagwa. Kufikia Julai mji ulikuwa umelala. Homa, upele, na maumivu ya viungo yaliyomfanya mtu asiweze kufunga kifungo cha shati wala kushika kasia la ngalawa. Ilidhaniwa ni malaria, lakini vioo vya damu havikuonyesha malaria. Maabara za Nairobi zikapata jibu: chikungunya, homa iliyotambuliwa kwanza mwaka 1952 huko nyanda za Makonde, kusini mwa Tanganyika. Mwezi wa Oktoba wachunguzi walipima damu ya watu 288 wa kisiwa cha Lamu, wakakuta 215 kati yao wana dalili za kuwahi kuambukizwa, yaani robo tatu. Ukikadiria kwa kisiwa kizima, ni watu wapatao 13,500. Mwanzoni mwa 2005 ugonjwa ulikuwa Ngazija, kisha Réunion, ambako watu wapatao 266,000 waliugua, thuluthi ya kisiwa, kisha India, na mwaka 2007 Italia. Uchunguzi wa vinasaba ulionyesha kwamba kirusi cha Lamu kilikuwa cha ukoo huo huo uliovuka bahari.

Aliyekibeba ni yule mbu wa mchana, mbu wa maji safi. Chandarua hakimzuii, kwani huuma watu wakiwa macho. Kinga yake ilijulikana Lamu kwa vizazi, ila ilikuwa imejengewa chokaa na kaure ndani ya nyumba za wenye uwezo, na wengi wa wakazi wa 2004 walikuwa na mapipa na madebe. Wapo wasemao samaki wangerudishwa tu yangekwisha. Nadhani si hivyo. Samaki haishi katika dumu la lita 20 linalojazwa na kumwagwa kila mara. Lakini pipa la uani au tangi la msikiti ni jambo jingine, na kifuniko kinachobana kinafanya kazi ya samaki bila ya kulishwa.

Huko Pate, wakati huo, matende yalikuwa hayajaondoka. Kampeni za taifa za kugawa dawa, zilizoanza Kilifi mwaka 2002, zilikatika katika miaka kadhaa. Uchunguzi wa 2015, kabla ya kuzianzisha upya, ulitumia kifaa ambacho Heisch angekionea wivu: kipande cha karatasi ndani ya ganda la plastiki. Damu kidogo ya kidoleni hutiwa mwisho mmoja, nayo hupanda yenyewe kama mafuta katika utambi. Baada ya dakika 10 mstari mmoja unasema hakuna, miwili inasema mnyoo yumo. Hakitafuti vinyoo, kinatafuta kemikali inayotolewa na mnyoo mkubwa, ambayo huwamo katika damu usiku na mchana. Mtu anaweza kupimwa saa nne za asubuhi barazani na kwenda zake. Tena kinamtambua mnyoo wa matende peke yake. Yule wa paka hakimhusu. Katika sehemu zilizopimwa pwani, kiwango cha juu kabisa kwa kipimo hiki cha haraka kilipatikana kisiwa cha Ndau, kati ya Pate na Kiwayuu: kiasi cha watu 6 kwa kila 100. Mwezi wa Novemba 2018 Lamu Mashariki, pamoja na Jomvu ya Mombasa, ikawa miongoni mwa sehemu za mwanzo Afrika kupewa dawa tatu kwa pamoja: ivermectin, DEC na albendazole.

Karatasi hiyo ina kasoro yake. Haiwezi kusema kama mnyoo aliyemo bado anazaa, na kwa hiyo haiwezi kusema kama mwenye mistari miwili anaambukiza wengine au amebaki na mnyoo tasa. Ili kulijua hilo, mpimaji anaandika jina la mtu na nyumba yake, anangoja, na kuanzia saa nne za usiku anarudi kubisha hodi akiwa na sindano na kioo.